Maswali na Majibu: Kuuliza Kuhusu Dini Bila Kuvunjiana Heshima

Nimelelewa katika dini, lakini siku hizi kuna mafundisho yananitatiza. Nikiuliza naambiwa imani yangu imepungua. Je, kuuliza ni dhambi? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

Mwanangu, vitabu vyenyewe vimejaa waulizaji. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 260, Nabii Ibrahimu anamwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu, na anapoulizwa kama haamini, anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Katika Injili ya Yohana, Tomaso alikataa kusadiki mpaka aone alama za misumari, wala hakufukuzwa kundini. Aliambiwa alete kidole chake. Anayekukemea kwa kuuliza anakunyima haki ambayo hao hawakunyimwa.

Ninachokuomba ni uchague mahali. Swali lililorushwa katikati ya ibada, mbele ya waumini wote, humfanya kiongozi alinde heshima yake badala ya kukujibu, lakini swali hilohilo ukimpelekea nyumbani kwake jioni, mkiwa wawili, huenda akakiri kwamba naye liliwahi kumsumbua. Jibu lisipokutosha, mwambie hivyo kwa upole, usijifanye umeridhika.

Mwenzangu wa dini nyingine hunisomea kila siku aya za kitabu changu ili anionyeshe makosa anayodai yamo. Nimjibu vipi? (Fundi, Dar es Salaam)

Mwulize kwanza kama yuko tayari nawe umsomee za kwake na umhoji vivyo hivyo. Akikubali, mmepata mjadala. Akikataa, mwambie kwa adabu kwamba mazungumzo hayo hutayaendeleza. Qurani, katika An-Nahl aya ya 125, inaagiza kujadiliana kwa namna iliyo bora, na Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, unawataka Wakristo wawe tayari kumjibu kila aulizaye, lakini kwa upole. Kila mmoja wenu ana amri ya dini yake mwenyewe ya kumtunza mwenzake.

Sisemi haya kwa kuogopa maneno makali tu. Oktoba 2012, kule Mbagala, mabishano ya watoto kuhusu Msahafu yaliishia kwa mmoja wao kudaiwa kuukojolea, na hasira zikafika kwenye makanisa, ambayo yaliharibiwa na kuchomwa moto. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya Tanzania inalinda uhuru wa kuamini na hata wa kubadili dini, hivyo mwenzako ana haki ya kukwambia kwamba umekosea, ila kukichezea kitu ambacho wengine wanakiona kitakatifu si hoja, ni kuwaumiza.

Jirani yangu Mwislamu hali nyama ninayopika, ingawa mimi hula kwake. Je, ananidharau? (Mama wa nyumbani, Mwanza)

Hapana, mama. Anauliza nani amechinja na kwa jina gani, na hilo ni sharti la ibada yake, halihusiani na usafi wa jiko lako.

Bibi yangu, Mkristo wa Muheza, alipoandaa harusi ya mwanawe alinunua sufuria jipya na kisu kipya, akampelekea mzee wa jirani kabla mtu mwingine hajavigusa, ili achinje mbuzi yeye. Mzee yule, akiwa bado anachuna ngozi, alimwuliza mbele yetu sisi wajukuu kwa nini Wakristo humwita Yesu Mwana wa Mungu. Bibi alieleza kwa kadiri alivyojua. Mzee akasema, "Hilo siwezi kulikubali, dada yangu," kisha akaomba maji ya kunawa, na mchana wakala sinia moja.

Hata hivyo, Mkristo anayeuliza kwa nini asichinje mwenyewe kwa ajili ya walaji wake hafanyi uadui, na namwonea uchungu kila anayelazimika kulinyamazia swali hilo. Mgogoro huo wa nani achinje ulimwaga damu ya mchungaji kule Buseresere, Geita, Februari 2013. Mngekaa wawili mkaambiana wazi nyama ipi imechinjwa na nani, kila mtu angechagua bila kufichwa.

Mimi sina dini. Nifanyeje kwenye misiba ya majirani, ambako ni dua na sala tupu? (Msomaji, Mombasa)

Nenda. Simama wanaposimama, nyamaza wanapoomba, wala usitamke "amina" usiyoiamini, kwa kuwa hakuna anayekudai. Ukiulizwa imani yako, sema ukweli kwa maneno machache, na mjadala uusogeze hadi siku nyingine, maana mfiwa hana nguvu ya kubishana. Zipo kazi zisizohitaji shahada: kuchota maji, kupanga mikeka na viti, kushika koleo makaburini. Fika mapema, kabla kaburi halijaanza kuchimbwa.