Tuma mistari 20 kwanza, usijifungie na tafsiri nzima

Mleta uzi, simama hapo hapo. Unauliza toleo gani la Ubuntu, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, limetulia, kwa nini laptop yako haitoi sauti, na uanzie wapi kuitafsiri Ubuntu kwa Kiswahili. Halafu mwishoni unasema umeshapakua mafaili yote yenye maneno ya kutafsiri, na likizo hii utajifungia miezi miwili uyamalize ndipo uyapeleke. Nakuomba sana, usifanye hivyo.

Mimi nilifanya. Niliweka Ubuntu 20.04, nikapakua mafaili ya toleo hilo, nikatafsiri kila usiku baada ya kazi, mistari zaidi ya elfu moja. Mke wangu akawa anauliza huyo bosi wa usiku analipa lini.

Sikujua kwamba madirisha, menyu na mipangilio unayoiona kwenye Ubuntu sehemu kubwa ni GNOME, mradi mwingine wa programu huria, na GNOME wana tovuti yao ya kutafsiria, inaitwa Damned Lies. Wanatoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Mimi nilikuwa nimeshikilia GNOME 3.36, nilipojitokeza na mzigo wangu, wao wako toleo la 40. Mistari mingine ilishafutwa, mingine imebadilishwa Kiingereza chake, kwa hiyo ikapigwa alama ya kukaguliwa upya, mmoja mmoja.

Hilo ningelimeza. Lililoniua ni upatanisho wa kisarufi. Nilitafsiri ndani ya faili bila kuangalia skrini hata mara moja. Unakuta mstari una %s, yaani nafasi ambayo programu huijaza jina la kitu, halafu neno la "kufutwa", nami nikaandika "%s imefutwa" kila mahali. Sasa hiyo %s inajazwa nini? Ikiwa picha, sawa. Ikiwa faili, limefutwa. Ikiwa mtumiaji, amefutwa! Kiingereza hakijali, Kiswahili kinakataa. Tena kitu kile kile, mwezi wa kwanza niliandika kabrasha, mwezi wa tatu folda. Mkaguzi wa timu ya Kiswahili aliyaona yote hayo kwenye faili la kwanza tu, akanieleza kwa upole. Angeyaona siku ya tatu kama ningempelekea mistari ishirini.

Na aliyenipeleka huko ni mkufunzi mmoja wa semina, alisimama mbele yetu akasema programu huria haina mwenyewe, ingia ufanye utakavyo. Hasira hazijaisha mpaka leo. Ina wenyewe! Leseni inakuruhusu kuinakili na kuibadilisha kwako nyumbani. Kuingia kwenye ile ya wote, lazima mtu asome kazi yako aikubali. Ukifundisha watu, waambie na hilo. Tulikuwa vijana ukumbi mzima, sijui wangapi walikata tamaa.

Kwa hiyo leo, si kesho, fungua akaunti Damned Lies, tafuta timu ya Kiswahili, chukua programu ndogo kama kikokotoo, weka alama kwamba unaishughulikia ili mwingine asirudie kazi ile ile. Ifungue kwenye skrini uone kila neno linakaa wapi. Tafsiri mistari ishirini, tuma. Wa ishirini na moja usiuguse mpaka jibu lirudi. Wakikaa kimya wiki mbili andika tena, wengi wao wanajitolea kama wewe.

Na hayo mafaili uliyopakua, yafute leo hii.