Kwa wanaoanza maabara ya usalama: hipavaiza nayo inahitaji kiraka

Wiki hii tumepokea kundi jipya la wanafunzi wa atachimenti hapa Kisumu. Wengine wametoka Maseno, wengine Kakamega, mmoja amekuja kutoka Njoro. Nimewauliza swali ninalouliza kila kundi: VirtualBox yako ni toleo gani? Wote wamenitajia toleo la Kali, ile Linux ya majaribio ya usalama inayokimbia ndani yake. Kali wanaisasisha kila asubuhi hata kama bando itakwisha kabla ya saa sita, lakini hipavaiza, yaani programu kama VirtualBox inayoibeba hiyo Kali kama kompyuta ya kuigiza (VM), haijaguswa wala kuwekewa kiraka, sasisho la kuziba tundu la usalama, tangu laptopu inunuliwe. Nawapenda hawa vijana, wana bidii na hawaogopi kazi. Ila kosa hili nimeliona likirudi kila msimu hadi nimechoka, kwa hiyo wadogo zangu, kaeni tuongee.

1. Mnavyoiona VM sivyo ilivyo.

Mtu anafungua sampuli ya programu hasidi ndani ya mashine mgeni, yaani hiyo VM, anapiga snapshoti, nakala ya hali yake ya kurudia baadaye, halafu anasema ameitenga. Ameitenga kwa kutumia nini? Hipavaiza ni programu kama nyingine, imeandikwa kwa C na C++, na inakimbia kwenye mashine mwenyeji, yaani kompyuta yako halisi. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuigiza vifaa: kadi ya mtandao, diski, skrini, USB. Mgeni akiandika kitu kwenye rejista ya ile kadi ya kuigiza, anayekisoma ni msimbo ulioko kwa mwenyeji. Msimbo huo ukikosea hesabu ya bafa, ile nafasi ya muda ya kuweka data, basi mgeni anaandika ndani ya kumbukumbu ya mwenyeji, na snapshoti haina la kufanya hapo.

Chukueni kadi ya Intel PRO/1000 MT Desktop, ile E1000 ambayo VirtualBox ilikuwa ikikuwekea yenyewe pamoja na NAT. Novemba 2018 mtafiti Sergey Zelenyuk alichapisha udhaifu wake wote, pamoja na njia ya kuutumia, kabla kiraka hakijatoka. Kiini chake ni kutoa namba. Kodi, yaani ule msimbo, ilichukua ukubwa wa juu wa pakiti, ikatoa kiasi kilichokwisha kukusanywa, ili ijue nafasi iliyobaki. Zelenyuk alipanga maagizo ya draiva kwa mfuatano ambao waandishi hawakuutarajia, akabadilisha ule ukubwa wa juu katikati ya kazi ukawa mdogo kuliko kilichokwisha kukusanywa. Namba zenyewe ni za biti 32 zisizo na alama ya kutoa. Kwa namba kama hizo, 4 ukitoa 10 hupati hasi 6, unapata 4294967290. Kwa macho ya kodi nafasi ilikuwa bado tele, ikaendelea kunakili hadi ikafurika bafa. Toleo 5.2.22 ndilo lililoziba.

Mtaniambia ilihitaji mshambuliaji awe root, yaani mwenye mamlaka yote, ndani ya mgeni. Ni kweli. Na hiyo sampuli uliyopakua jana usiku, uliiendesha ukiwa nani?

2. Ondoa vifaa usivyotumia.

Hii ni kazi ya dakika chache na hakuna anayeifanya. Fungua mipangilio ya VM, toa flopi, toa kidhibiti cha USB, toa sauti, zima uharakishaji wa 3D, funga folda ya pamoja na ubao wa kunakili wa pande mbili.

Mkisema flopi ni kitu cha wazee, someni habari ya udhaifu wa VENOM, namba yake kwenye orodha ya udhaifu ni CVE-2015-3456, aliyoutangaza Jason Geffner wa CrowdStrike Mei 2015. Kidhibiti cha flopi cha QEMU, programu nyingine ya kuendesha VM, kilikuwa na bafa ya baiti 512, na baadhi ya amri zake hazikurudisha kiashiria mwanzo baada ya kumaliza. Mgeni anaendelea kusukuma baiti moja moja, kiashiria kinapita 512, na hakuna anayemzuia. Kosa hilo lilikaa humo tangu 2004. Hipavaiza za Xen, KVM na VirtualBox ziliguswa kwa sababu zilitumia kodi hiyo hiyo. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwenye QEMU na Xen hata ukizima flopi, hitilafu nyingine iliacha kodi yake ikifikika. Kwa hiyo kuondoa kifaa kunasaidia sana, lakini hakukuondolei wajibu wa kiraka.

USB nayo: Machi 2024 VMware walitoa viraka vya hipavaiza zao Workstation, Fusion na ESXi kwa CVE-2024-22252 na 22253, zote mbili kwenye vidhibiti vya USB, zote za kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Kwa wasioielewa aina hii, fikirini kibanda cha Kibuye ambacho mwenye viatu amehama na muuza omena ameingia, lakini mteja bado anashika anwani ya zamani na anaendelea kutia mkono rafuni akidhani ni viatu. Anayeweza kuchagua nani ahamie kwenye kibanda hicho ndiye anayeamua mteja atashika nini. Njia ya muda waliyoitoa VMware wenyewe ilikuwa kuondoa vidhibiti vya USB kwenye VM. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa kushiriki Bluetooth, CVE-2023-20869. Machi 2025 ikaja VMCI, njia ya mawasiliano kati ya mgeni na mwenyeji, CVE-2025-22224, pamoja na udhaifu wa HGFS, ambao ndio mfumo wa hizo folda za pamoja mnazozipenda, na wakati viraka vinatoka tayari kulikuwa na watu wanaoshambuliwa. Tazameni orodha hiyo yote: kila mara ni kifaa au njia ya urahisi kati ya mgeni na mwenyeji.

3. Kiraka kikishasakinishwa, hakikisha ndicho kinachokimbia.

Hapa nataka mtulie, kwa sababu niliona mtu akiumia.

Katika ofisi moja niliyofanya kazi kabla ya hii kulikuwa na dogo mmoja makini sana. Alipewa kompyuta za mezani zenye Ubuntu na virt-manager, inayosimamia VM za QEMU, aweke kiraka cha QEMU kwenye zote. Akafanya. Alipiga apt, amri ya kusakinisha, akaita toleo la QEMU kwenye kila mashine, likasoma jipya. Kisha akaingia ndani ya kila mgeni akaandika reboot, akasubiri hadi skrini ya kuingia irudi. Kwenye lahajedwali akaandika "imezibwa" kila mstari. Mkubwa akasaini, ripoti ikaenda kwa mteja, sacco moja ambayo viambatisho vyake vya barua pepe vilivyoshukiwa vilikuwa vikifunguliwa ndani ya hizo VM.

Wiki kadhaa baadaye mtu mwingine alikuwa anatafuta kwa nini mashine moja ni nzito. Akapiga ps, amri ya kuorodhesha michakato, akaona mchakato wa QEMU umeanza tarehe ya kabla ya kiraka. Akatazama kiungo cha exe chini ya /proc kwa namba ya mchakato huo, kinachoonyesha faili unalokimbia nalo, na mwishoni mwa njia ya faili palikuwa na neno deleted. Faili la zamani lilikuwa limeshafutwa diskini na jipya limewekwa mahali pake, lakini mchakato ulikuwa bado umelishika lile la zamani na kukimbia nalo. Reboot ya ndani huanzisha upya mfumo wa mgeni tu. Mchakato wa QEMU ulioko kwa mwenyeji haufi. Red Hat waliliandika wazi kwenye tangazo lao la VENOM mwaka 2015: wageni wazimwe kabisa kisha wawashwe, kuwaanzisha upya hakutoshi.

Tukapita mashine moja baada ya nyingine, zote hivyo hivyo. Swali likawa moja: je, kuna aliyevuka kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji? Hakuna aliyeweza kujibu. Mfuriko wa bafa uliofanikiwa haulazimiki kuacha mstari wowote kwenye logi. Ukikosa jibu, unafanya kana kwamba jibu ni ndiyo. Diski zikafutwa, nywila za barua pepe zikabadilishwa, funguo za SSH za kuingilia seva zikatupwa zote, na mkubwa akapiga simu sacco kuiondoa ripoti aliyoisaini. Jumamosi nzima ikaishia humo, stima ikipotea na kurudi. Dogo alikaa kwenye ngazi, chakula akakiacha, akirudia kwamba alihakiki. Na kweli alihakiki. Alihakiki faili lililoko diskini, mchakato ulioko kwenye kumbukumbu hakuugusa. Tulikaa naye pale hadi akakubali kurudi ndani, na yeye ndiye aliyeandika utaratibu ambao ofisi ile iliufuata baadaye.

Kwa hiyo: zima mgeni kabisa, hakikisha mchakato umekufa, washa, kisha linganisha muda ulioanza na muda wa kiraka. Kwenye VirtualBox zimeni wageni wote kabla ya kusakinisha toleo jipya, msiwaache katika hali iliyohifadhiwa. Kusasisha Guest Additions, zile nyongeza za ndani ya mgeni, si kusasisha VirtualBox. Oracle, wenye VirtualBox, hutoa viraka vyake vya robo mwaka Januari, Aprili, Julai na Oktoba, wekeni kwenye kalenda na mtenge bando mapema.

4. Mashine mwenyeji ya maabara isiwe na maisha yako. Usiwe na kivinjari kilichoingia kwenye barua pepe, usiwe na funguo za seva za kazini, usiwe na data ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitakuuliza kama uvujaji ulipitia flopi.

5. VM ikianguka ghafla, msikimbilie kuiwasha.

Jaribio la shambulio lililokosea shabaha mara nyingi huonekana hivyo tu: dirisha linatoweka, mchakato umekufa. Hapa kwetu tunalaumu joto, tunalaumu RAM, tunalaumu stima, tunawasha tena. VirtualBox huanza VBox.log mpya kila VM inapowashwa na kwa kawaida huhifadhi tatu za zamani tu, kwa hiyo mwenye haraka akiwasha na kuzima mara kadhaa ameufuta ushahidi kwa mkono wake. Nakili folda yote ya Logs kwenye diski nyingine, andika ulikuwa unaendesha sampuli gani na saa ngapi, chomoa waya wa mtandao wa mwenyeji, halafu niite. Hata kama ni saa ya chakula.