Je, kaboni yako haina metali kweli?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya kemia. Nimetengeneza unga wa grafini (tabaka jembamba mno la kaboni) uliopachikwa naitrojeni, kutoka kwenye grafiti. Ndani ya potasiamu haidroksaidi unasaidia oksijeni kupokea elektroni karibu sawa na platinamu. Msimamizi wangu amefuta maneno "bila metali" kwenye kichwa cha tasnifu. Je, hajanionea?

JIBU: Marahaba. Hajakuonea hata kidogo. Bila shaka grafiti uliioksidisha kwa potasiamu pamanganeti, kama tufanyavyo wengi. Manganizi iliyomo humo haitoki yote, hata maji ya kusuuzia yakiwa safi kabisa. Grafiti ya kuchimbwa nayo huja na chuma chake. Sasa chuma hicho, kikichomwa tanurini pamoja na kaboni na naitrojeni, hukupa kichocheo hodari, na sifa zote anachukua naitrojeni!

Sisemi wazo la kaboni kufanya kazi bila metali ni la uongo. Mwaka 2009 kundi la Liming Dai, Marekani, lilionyesha neli-nano (vijibomba vidogo mno) za kaboni zenye naitrojeni zikifanya kazi hiyo vizuri kwenye alkali. Lakini zilikuwa zimeoteshwa kwa kampaundi ya chuma, kisha chuma kikaondolewa, na mjadala ukaanzia hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitumia grafiti iliyopangika vizuri, wakaona kazi inafanyika kwenye kaboni iliyo jirani na naitrojeni ya aina ya piridini, yaani iliyoshikana na kaboni mbili ukingoni. Mwaka 2020 Martin Pumera na wenzake wakapachika kinyesi cha ndege kwenye grafini, kuwakejeli wanaopachika kila kitu, na utendaji ukapanda. Nilicheka sana, ila dongo lile lilitustahili.

Vipimo vya eksirei vya uso wa unga usivitegemee: metali ikiwa pungufu ya takriban atomu moja kwa elfu, havioni kitu. Yeyusha sampuli, uipime kwa spektrometa ya tungamo yenye plazma, inayoona hata metali kidogo sana. Jaribio la sayanidi husaidia pia, kwani sayanidi hung'ang'ania chuma kikaacha kazi, na mkondo wa umeme ukashuka. Usiposhuka, bado hujathibitisha lolote. (Sayanidi na asidi visikutane kamwe, itakuua.)

Halafu niambie: elektrodi yako ya upande wa pili ni ya platinamu? Kama ndiyo, weka fimbo ya grafiti, urudie vipimo vyote. Platinamu huweza kuyeyuka kidogo kidogo na kuhamia kwenye unga wako, halafu unajikuta unailinganisha platinamu na platinamu.