Mwanangu, Guangzhou Utakula

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako kwamba tiketi ya Guangzhou umeshaikata, na kwamba kinachokukosesha usingizi si mzigo wala forodha bali chakula: utaagizaje mgahawani ilhali hujui hata neno moja la Kichina? Sikucheki, kwa sababu katika safari yangu ya kwanza nilishinda siku tatu kwa biskuti na ndizi, si kwa kukosa fedha, bali kwa haya ya kusimama mbele ya mhudumu nisijue pa kuanzia.

Nianze na nyama, maana hapo ndipo Mwislamu huteleza. Kwa Kichina nyama ni rou, lakini menyu ikiandika rou peke yake bila kumtaja mnyama, aghalabu huyo ni nguruwe. Kwa hiyo usiulizie nyama. Mtaje mnyama unayemtaka. Ng'ombe ni niu, kuku ni ji, samaki ni yu, na mbuzi na kondoo wote wawili huitwa yang. Herufi ya yang ni rahisi kuikariri: vipembe viwili juu, mistari mitatu iliyolala, na mmoja uliosimama ukiipasua katikati. Na mboga usiziamini kwa kuwa ni mboga tu, kwani sahani ya biringanya au ya maharage mabichi huweza kuletwa imechanganywa na nguruwe wa kusaga.

Mtaani Xiaobei, wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Afrika, hutahangaika, kwani migahawa ya halali ipo. Ukiwa kwenye masoko ya mbali, tafuta kimgahawa cha tambi za Lanzhou chenye maandishi ya qingzhen, yaani halali. Wenye vimgahawa hivyo wengi ni Waislamu kutoka Qinghai, kaskazini magharibi, na menyu yao hubandikwa ukutani kwa picha. Utamwona mpishi akilivuta donge la unga kwa mikono miwili, akilikunja na kulivuta tena, mpaka linageuka nyuzi zinazotumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Nyoosha kidole kwenye picha, sema zhege, yaani hiki, na ukiwa hutaki pilipili ongeza bu la. Hata chakula cha meza ya jirani waweza kukionyesha kwa adabu. Sijawahi kuona mtu akichukia.

Bei nayo ina lugha yake ya vidole. Siku moja mhudumu aliniinulia kidole kimoja, kisha akakunja vidole vya kati, akabakiza gumba na kidole cha mwisho. Nikadhani ananiambia nipige simu, nami nikaitoa simu na kumpa! Mgahawa mzima ulicheka, kumbe ishara ile ni sita, naye alikuwa akinidai yuan 16. Bakshishi hawatarajii, kwa hiyo lipa ulichodaiwa uondoke.

Siku hizi migahawa mingi ina msimbo wa QR mezani, nawe huagiza na kulipa kwa programu za simu za WeChat au Alipay, ambazo sasa hukubali kadi za benki za kigeni kama Visa. Ziunganishe ukiwa bado Dar es Salaam, na upakue pia programu ya kutafsiri inayosoma Kichina bila intaneti, kwa kuwa huduma za Google hazifunguki kwenye mtandao wa kule.

Wali uuagize mwenyewe, mifan, la sivyo waweza kuletewa mchuzi mtupu.

Nimekutolea kwenye pochi yangu kile kikaratasi nilichoandikiwa na binti wa mapokezi katika nyumba ya wageni, kinachosema kwa Kichina kwamba mimi ni Mwislamu, sili nguruwe wala mafuta yake. Kimeingia doa la mchuzi pembeni, ila herufi zote zinasomeka. Kipige picha uiweke kwenye simu, na chenyewe unirudishie.

Mama yako