Mteja Akipotea, Piga Simu Kabla Hujamwandika Mtoro

Juzi nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja muuguzi, kaanza kazi CTC, yaani kliniki ya watu wenye VVU, mwaka huu upande wa Urambo, ananiambia "Shikamoo dada, wateja wangu wanapotea kila mwezi na kwenye kikao nasemwa mimi tu, nifanyeje?" Nimeisoma mara tatu nikajiona mimi kabisa miaka ile naanza. Nikamjibu kwa kifupi, mpigie mwenzio simu, ila baadae nikaona jibu lile halitoshi, ngoja nieleze hapa maana wengi mnaosoma mko kwenye hivi vyumba na hali hii mnaijua.

Kituo chetu kipo wilaya ya Uvinza, kando ya reli, treni ikitoka Kigoma mjini inapita kwetu ndio inakwenda Kaliua, Urambo mpaka Tabora. Na watu wetu hawatulii. Mvua zikianza wanaenda Tabora kwenye tumbaku, wakimaliza wanarudi, wengine wanashuka ziwani kwenye dagaa, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ndio wakatawanyika kabisa. Miadi yao ya dawa ilikuwa kwetu, wao wako kwingine.

Kuna mvuvi mmoja nilimwandika mtoro, yaani aliyeacha dawa. Alikosa miadi, mwelimishaji rika akaenda nyumbani kwake akaambiwa kaenda Tabora, basi, nikafunga faili. Baada ya miezi nane akaletwa na kaka yake, kilo 41, anakohoa, suruali kaifunga kwa kamba. Kadi yake alikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wa sukari, kaufunga na uzi wa nyavu mafundo matatu, nikachukua muda kuufungua. Nikamuuliza mgonjwa mwenyewe, vipi, mbona uliacha dawa? Akasema "Sista sikuacha, nilifika kituoni kule, nikaonyesha kadi, nikaambiwa nirudi nikalete barua ya uhamisho. Nauli nitoe wapi, ndio kwanza tumepanda, bosi halipi mpaka tumbaku iuzwe."

Tukampima, ana TB. Tukaanza dozi ya miezi sita, na ile dolutegravir, dawa yake ya VVU, ikabidi tumwongezee kidonge kingine cha miligramu 50 masaa 12 baada ya kile cha kila siku, maana rifampisini, moja ya dawa za TB, inaipunguza nguvu mwilini. Alipona, namshukuru Mungu, ila mapafu yake hayajarudi kama zamani na kuvuta nyavu hawezi tena.

Nilikasirika jamani. Nilitaka nimtafute huyo aliyemrudisha nimwambie yangu yote. Usiku ule nikiwa kitandani ndio nikakumbuka binti mmoja alikuja kwetu mwaka mmoja nyuma, katokea Tabora, kaja kwenye msiba, kashika chupa tupu ya dawa, na mimi kwa mdomo wangu huu nikamwambia bila karatasi ya uhamisho siwezi kukupa. Akasema asante, akaondoka. Sikumuuliza hata kabakiza siku ngapi. Mpaka leo sura yake ninayo na sijui aliishia wapi.

Kwa hiyo semina iliyofuata sikukaa na watu wa wilaya yangu, nilizunguka meza kwa meza naomba namba. Tulianza wanne, mimi, mmoja wa Kaliua, mmoja wa Urambo na mmoja wa Kigoma mjini. Sasa hivi karibu kila kituo chenye CTC kwenye hii reli kina mtu wake, na hakuna bosi aliyetutuma, nalisema hilo kwa fahari.

Tunavyofanya ni kitu kidogo tu. Mtu akija bila barua mpe dawa za kumvusha kwanza, karatasi zitafuata. Angalia namba yake ya CTC, zile mbili za mwanzo ni mkoa, mbili zinazofuata ni wilaya, halafu kituo, hapo umeshajua umpigie nani. Piga. Uliza anatumia nini, yuko kwenye dawa za TB au hapana, majibu ya wingi wa virusi yalitoka? Maana majibu yanaweza kurudi yamezidi 1,000, yaani virusi havijadhibitiwa, mtu ameshapanda treni, yakakaa kwenye faili hakuna anayemwambia. Kwenye grupu la WhatsApp hatuandiki jina wala namba ya mtu, unaandika "nina mgeni wa kwenu, nipigie" basi, mengine kwa sauti. Anayesafiri, kama hali yake imetulia kwenye dawa, mpe za miezi mitatu au sita. Na wavuvi miadi yao napanga kwa kuangalia mwezi wa angani, mbalamwezi ikiwaka wapo nchi kavu.

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye VVU alijifungua kwetu akamfuata mumewe Kaliua mtoto ana wiki tatu. Nilipiga simu kabla hajashuka kwenye treni. Wiki ya sita mtoto akatobolewa kisigino, damu ikawekwa kwenye ile karatasi ikaenda maabara, majibu hasi, hana VVU. Mwenzangu alivyonipigia nililia pale dirishani pa dawa mbele za watu.

Wenzangu, tuache kuringia rejista. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kati ya watu wazima wenye VVU wanaojua hali zao asilimia 97.9 wako kwenye dawa. Kuwaingiza tumeweza, sasa tuwabakishe hata wakihama, na mtu akivuka mkoa bado ni wako mpaka mwenzio aseme nimempokea. Ukimrudisha kwa sababu ya karatasi umemrudishia ugonjwa, usijifiche nyuma ya utaratibu, nilijificha mimi na inaniuma. Piga simu. Salio likiisha kopa, piga.

Yule mdogo wangu wa Urambo jana tumekaa kwenye simu, kanisomea namba tano za watoro wake. Watatu wapo kwetu hapa, wanachukua dawa, walipewa namba mpya hakuna aliyemwambia. Wa nne tumempata Kigoma mjini. Wa tano bado, kesho asubuhi naanza na vituo vya ziwani.