Kukopa si kukopesha: maswali yenu kuhusu “borrow”, “lend” na wenzao

Wiki hii wengi wenu mmeuliza juu ya maneno ya Kiingereza yanayotembea wawili wawili, na jozi iliyoongoza ni “borrow” na “lend”. Maswali marefu nimeyapunguza, majina nimeyaacha.

Mwanangu yuko gredi ya sita hapa Kayole. Kwenye insha aliandika “Borrow me your rubber”, mwalimu akakata kwa wino mwekundu bila kueleza. Kosa liko wapi, na sisi wazazi wenyewe twasema hivyo hivyo?

Kosa liko kwenye safari ya hiyo raba. “Borrow” ni kazi ya anayepokea, “lend” ni kazi ya anayetoa. Mwanao ndiye anayeitaka raba, kwa hiyo yeye ni wa “borrow”, na mwenzake aliye nayo ni wa “lend”. Angeweza kuomba hivi: “Can I borrow your rubber?” Au hivi: “Please lend me your rubber.” Kwa vyovyote vile raba itamfikia.

Tunajikwaa kwa sababu Kiswahili kina kitenzi kuazima, ambacho hutumikia pande zote mbili. Nikisema “naomba kuazima kalamu yako”, mimi napokea. Nikisema “niazime kalamu yako”, wewe unatoa. Kitenzi hakijabadilika. Mtoto anayewaza “niazime” huweka “borrow” penye azima na “me” penye ni-, basi sentensi inatoka imenyooka kabisa, ila si Kiingereza cha mtihani.

Kwenye pesa mambo ni rahisi zaidi, maana hapo tunazo sura mbili: kopa na kopesha. Muulize mwanao: ukitaka shilingi mia kwa shangazi, utamwambia “nikope” au “nikopeshe”? Hakuna mtoto wa Nairobi atakayekosea hapo. Akishasema “nikopeshe”, mwambie kila penye “-sha” hiyo ndipo pa “lend”. Kisha aangalie kinachofuata kitenzi. Baada ya “borrow” huja kitu, halafu “from” na mwenye kitu: “I borrowed a rubber from Asha.” Baada ya “lend” anaweza kuja mtu kwanza: “Asha lent me a rubber.” Na ni “lent”, si “lended”.

Msimcheke, lakini. Kijerumani kina “borgen” na “leihen”, na kila kimoja huenda pande zote mbili kama kuazima yetu. Huko Marekani, katika majimbo kama Wisconsin na Minnesota walikohamia Wajerumani na Waskandinavia wengi, wapo watu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni ambao husema “borrow me” na maisha yanaendelea. Mwalimu amekata kwa haki, kwa kuwa shule hupima Kiingereza sanifu. Ila wino ule ungetosha pia kuandika mstari mmoja wa maelezo pembeni.

Bosi wangu hapa Upper Hill hunijia mezani na kusema “Can I borrow you for a minute?” Mimi ni kitu cha kuazimwa?

Kwa dakika hiyo, ndiyo. Ni utani wa adabu wa ofisini: anaomba muda wako, na anakuahidi kwamba atakurudisha kwenye kiti chako. Na hapo utaona ni kwa nini “borrow me” huchekesha masikio ya Mwingereza. Kwake yeye, anayesema “borrow me” anajitoa mwenyewe aazimwe.

Je, “loan me 500 bob” ni sawa? Na “assist me with a pen”?

“Loan” kama kitenzi ni kawaida kabisa Marekani. Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho shule zetu zilirithi, hupendelea “lend” kwa kitenzi na “loan” kwa jina la mkopo wenyewe. Yote mawili yana asili moja. “Loan” iliingia kwa mabaharia na walowezi wa Skandinavia, na ile “d” ya “lend” haikuwepo zamani, ilijipenyeza kutoka kwenye wakati uliopita wa kitenzi hicho.

“Assist me with a pen” ni “nisaidie na kalamu” iliyovaa suti. Ukiisema mjini utapewa kalamu. Ukiiandika kwenye barua ya kazi, weka “lend me”.

Nina duka dogo Githurai. Mteja wangu mmoja hupenda kuongea Kizungu, na akiishiwa husema “Let me borrow two kilos of sugar, nitalipa Ijumaa.” Amesema sawa?

Hajasema sawa, na wewe ndiye ungepaswa kuwa wa kwanza kuona tofauti, maana ni mali yako. Ukichukua sukari kwa jirani na kumrudishia sukari, hiyo ni “borrow”. Ukichukua sukari dukani na kurudi na pesa, hujaazima chochote: umenunua, ila malipo yamechelewa. Kwa Kiingereza hiyo ni “buy on credit”. Ndiyo maana kibao cha dukani huandikwa “No credit today, come tomorrow”, hakiandikwi “No borrowing”.

Sisi tumeyatupa yote kwenye kapu la kukopa. Sukuma wiki ya mama mboga tunakopa, pesa za Fuliza tunakopa, muda wa maongezi wa Okoa Jahazi tunakopa. Halafu tunabakiza kuazima kwa vile vitu vinavyorudi vyenyewe kama vilivyo: sufuria, ngazi, suti ya harusi. Mpaka huo Kiingereza hakina. Sufuria ni “borrow” na milioni ya benki ni “borrow”. Kwa hiyo msidhani kila mara wao ndio wenye maneno mengi.

Kuhusu huyo mteja: kukopa harusi, kulipa matanga. Andika kwenye daftari, kwa lugha yoyote.

Simu yangu ilinyakuliwa dirishani mwa matatu pale Tom Mboya Street. Nikaripoti ofisini, “I was stolen my phone.” Watu wakacheka badala ya kunipa pole.

Pole sana. Na hao waliocheka wanasema sentensi hiyo hiyo wakiibiwa, nakuhakikishia.

Kiswahili kina “-ia” inayomwingiza mwathiriwa ndani ya kitenzi: iba, ibia, ibiwa. “Niliibiwa simu” ni sentensi kamili na safi. “Steal” haina mlango huo. Kinachoibwa kwa “steal” ni kitu peke yake, hivyo “I was stolen” maana yake ni kwamba wewe mwenyewe ulibebwa ukapelekwa kusikojulikana. Sema “My phone was stolen” au “Someone stole my phone.” Ukitaka kuanza na wewe mwathiriwa, chukua “rob”, ambayo hutaja mtu au mahali: “I was robbed”, “They robbed the bank.” Ukiongeza kitu kilichochukuliwa, tia “of”: “I was robbed of my phone.”

Lakini usiikimbilie “rob” kwa sababu tu sarufi yake ni tamu. Kwenye kaunta ya polisi maneno haya mawili hayalingani hata kidogo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 295, inasema “robbery” ni wizi ulioambatana na nguvu au tishio la nguvu, wakati wenyewe wa kuiba au papo hapo kabla yake au baada yake, ili kukipata au kukishikilia kitu. Kifungu cha 296 kinaongeza uzito zaidi: mhalifu akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na wenzake, au akimjeruhi mtu, kosa linakuwa unyang'anyi wa kimabavu, na adhabu iliyoandikwa humo ni kifo. Kijana aliyechomoa simu mfukoni mwako ukiwa umesinzia hayuko kwenye kapu hilo. Huyo ni “theft”. Aliyekuonyesha kisu yumo.

Basi ukifika kituoni eleza kilichotendeka hatua kwa hatua: alisimama wapi, alisema nini, alikugusa au hakukugusa, alikuwa peke yake au na mwenzake. Unaweza kueleza kwa Kiswahili, ni lugha rasmi ya nchi hii. Kabla hujatia sahihi, soma taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza uone imetumia “stole” au “robbed”. Kama neno si lile la kisa chako, omba lirekebishwe.

Hapa Roysambu kila geti lina kibao cha “TO LET”. Kwa nini si “TO RENT”? Na cha jirani yetu mtu amechora “i” katikati.

Hiyo “i” ina umri kuliko mtaa wenu, na kila mchoraji hudhani ndiye wa kwanza kugundua kwamba kibao kinaweza kugeuka choo.

“Let” ni kazi ya mwenye nyumba: kupangisha. Mpangaji hawezi ku-“let”, labda naye akipangishia mtu mwingine, na hiyo huitwa “sublet”. “Rent” ndiyo yenye tabia ya kuazima: mpangaji husema “I rent a bedsitter in Roysambu”, mwenye nyumba naye anaweza kusema “I rent it to students”, na wote wawili wako sawa. Kibao cha “to let” tumekirithi Uingereza. Marekani wao huandika “for rent”. “Hire” ni ya gari, hema na viti vya harusi. “Lease” ni mkataba wenye muda, mara nyingi mrefu, na ndiyo neno utakalolikuta kwenye mambo ya ardhi: Katiba ya 2010, kifungu cha 65, humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa “lease” tu, isiyozidi miaka 99.

Kiswahili nacho kina mtego wake hapa, kwa sababu kodi ni “rent” na kodi ni “tax”. Mwenye nyumba za kuishi anayelipa KRA kwa utaratibu wa mapato ya upangishaji, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, analipa kodi ya kodi. Akikupandishia nyumba kwa sababu hiyo, basi unalipa kodi kwa ajili ya kodi ya kodi. Mhasibu aandike Kiingereza hapo, mimi nimechoka.

Mgeni wetu kutoka London alimwona fundi wa mfereji akisema “I'm coming” huku anatoka mlangoni. Akauliza, anakuja au anaenda?

Anaenda, kisha atakuja, na saa ya kuja anaijua yeye. Ni “nakuja” yetu ya kuaga: usijali, sijakutoroka. Kwa Kiingereza chao hiyo ni “I'll be right back.”

“Coming” wanayo, ila kwa anayemwelekea msikilizaji. Mama akiita jikoni, jibu ni “I'm coming”, si “I'm going”. Hapo tunakubaliana nao, maana hata sisi hatumwambii mtu aliyetuita “naenda”.

Fundi alirudi?

Benki imenipa mkataba wa mkopo wa nyumba. Humo kuna “lender”, “borrower”, “chargor” na “chargee”. Mimi ni yupi kati yao?

Wewe ni “borrower” na pia “chargor”. Benki ni “lender” na pia “chargee”.

Wengi hukosea hiyo jozi ya pili. Wanajua “-or” na “-er” ni mtendaji, “-ee” ni mtendewa, kama “employer” na “employee”, kisha wanaona benki ndiyo yenye nguvu, basi wanaipa utendaji. Lakini angalia ni nani anatoa nini. Pesa inatoka benki kuja kwako, hivyo benki ni ya “lend”. Dhamana, yaani hati ya nyumba, inatoka kwako kwenda benki, na hapo mtoaji ni wewe. Ndivyo zilivyo hata “mortgagor” na “mortgagee” utakazozikuta kwenye mikataba ya nchi nyingine. Sheria ya Ardhi ya 2012 hapa kwetu imechagua “charge”.

Kwa hiyo barua yoyote inayosema “notice to the chargor” imeandikiwa wewe. Ukishindwa kulipa, kifungu cha 90 cha sheria hiyo kinataka upewe notisi ya kurekebisha, na kwa deni la pesa muda wake haupungui miezi 3. Ukipita bila malipo, kifungu cha 96 kinadai notisi nyingine ya angalau siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa. Na kama ni nyumba mnamoishi na mwenzi wako wa ndoa, yeye naye lazima aridhie kwa maandishi tangu mwanzo, kwa hiyo msome karatasi hizo pamoja, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kwenda kwa wakili.