Usisaini Ijumaa, hiyo kadi ya ndege ya wagonjwa si bima

Mleta uzi, weka kalamu chini kwanza. Una mama huko Wete, Pemba, mwenye presha, wakala anakuuzia uanachama wa ndege ya wagonjwa kwa watu watano wa nyumba moja, na Ijumaa unasaini. Unauliza ulipe mwaka mzima au kwa miezi, kama wazazi waliopita miaka 65 wanakubaliwa, na nani anazisimamia kadi hizi. Salamu zitakuja baadaye. Nijibu wewe kwanza: ikija ndege kumchukua mama na ndege hiyo si ya kampuni yao, nani analipa?

Hujui. Na mimi sikujua. Kutojua huko kumenila milioni 14 na Noah yangu, ndiyo maana siku hizi mnaniona nimebanwa ndani ya daladala ya 606 na ndoo ya dagaa ya mtu imekaa magotini mwangu.

Baba alianguka mkarafuu huko Mtambwe, msimu umechanganya. Mzee wa miaka 68 anatafuta nini juu ya mkarafuu? Nimeshaulizwa na kila mtu, mpaka rubani. Tulimlaza juu ya mlango wa banda tulioung'oa, tukampakia nyuma ya gari, ananukia karafuu mbichi, vikonyo vimemnasa kwenye ndevu. Hospitali wakapiga picha: nyonga imevunjika, na pingili moja ya mgongo hawaielewi. Daktari akaandika rufaa ya Dar, akasema kwa mgongo ule boti asipande, bahari itamsukasuka. Jamaa wote wanalia, mimi nimetulia tuli. Kwani nina shida gani? Nina kadi. Ya buluu, ina picha ya ndege, na jina la baba limenyanyuka kama kwenye kadi ya benki.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Nyuma ya kadi kuna namba ya kituo chao cha dharura, wanapokea usiku na mchana. Sikuipiga. Nikampigia wakala, maana ndiye niliyemjua, ndiye aliyekula biriani kwangu na kufungashiwa nyingine ya kwenda nayo kwake. Akanambia, "Ndege yetu iko Mwanza, leo haiwahi. Kodi ndege yoyote utakayoipata mzee aondoke, risiti niletee mimi, pesa yako inarudi." Kwa mdomo, simuni. Sikumwambia hata anitumie maneno hayo kwa ujumbe. Nikamwombea dua, wallahi, nikasema huyu ndiye binadamu.

Nikakodi ndege kutoka Dar, ije na muuguzi na machela. Ndugu wakachanga walichonacho, kilichobaki nikakopa kwa dhamana ya gari. Jua halijazama baba akawa hewani, na hilo silijutii hata kidogo.

Risiti nikazipanga kwenye bahasha pamoja na rufaa. Wiki tatu kimya. Kisha ikaja karatasi moja: kipengele cha 9, huduma ni kwa ndege za kampuni, au ndege ambayo kituo cha dharura kimeiidhinisha kabla haijaruka; gharama za mtoa huduma mwingine hazirejeshwi. Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: uanachama huu si bima. Walinipa na nakala ya fomu yangu. Saini yangu ile pale, na mkia wake mrefu wa majigambo.

Wakala? Namba unayopiga haipatikani. Kijana yule alikuwa akiniita baba mdogo! Nikimwona sokoni Chake anageuka kupima vitunguu. Uliza kama analima vitunguu.

Nikabeba malalamiko kwenye ofisi moja, nikapelekwa ya pili. Huku naambiwa hili si suala la bima, kule naambiwa ndege ina vibali vyote, sasa tatizo liko wapi? Hapo nikaelewa. Bima inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima, Bara na huku kwetu, na kampuni ya bima haiuzi bila leseni. Ndege na rubani wanaangaliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Lakini kadi inayosema yenyewe si bima inapita katikati. Bima inaahidi kubeba gharama zako. Uanachama unakuahidi kitu kimoja tu: kama wao wenyewe, au ndege waliyoiidhinisha, ndio waliokubeba, hawatakudai. Kuwa watakuja, hawajaahidi. Na kisiwani kwetu, ndege zao zimelala ng'ambo, hilo la kuja ndilo jambo lenyewe.

Msidhani ni ushamba wetu peke yetu. Marekani wanauziana kadi kama hizi miaka mingi, na yapo majimbo yaliyoandika kwenye sheria zao kwamba si bima. Tena majimbo hayana ubavu wa kupanga bei za ndege hizo, kwa sababu sheria ya taifa ya mwaka 1978 ya mashirika ya ndege imewafunga mikono. Ilibidi itungwe sheria nyingine, ikaanza Januari 2022, kuwakinga wenye bima ya afya na bili za ghafla za ndege za wagonjwa. Gari la wagonjwa la barabarani wakaliacha nje, sijui walidhani linatumia maji.

Na kinachoniuma zaidi: tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayekuja Zanzibar analipa dola 44, anapata bima kamili ya ZIC, shirika la bima la Zanzibar, na kuhamishwa kwa dharura kumo ndani. Mtu anakuja Nungwi siku nne kuchomwa jua ana bima. Baba aliyezaliwa Mtambwe ana kadi ya buluu.

Kwa hiyo mleta uzi, swali ni lile lile, na usilipe hata shilingi mpaka walijibu kwa maandishi, kwa muhuri wa kampuni, si kwa mdomo wa kijana wa biriani: ndege isiyo yenu ikimbeba mama, nani analipa? Akikwambia "usijali, tutaelewana", mpe chai, asindikizwe. Ukiwa umeshalipa, ile namba ya nyuma ya kadi iweke kwenye simu ya kila mtu nyumbani, mpaka ya mtoto wa darasa la sita, na ndege isiruke kuja kwenu kabla hujaandika namba ya idhini na jina la aliyekupa.

Fomu yao nipigie picha unitumie kwenye ujumbe wa ndani kabla ya Ijumaa, kurasa zote, hasa ya mwisho. Baba hajambo, anatembelea mkongojo. Jana kaniuliza ule mkarafuu mwaka huu anauchuma nani.